Kesi ya Mkuu wa Jiko

Ofisi ya malalamiko katika Idara ya Visima ilikuwa chumba cha mwisho ghorofa ya tatu, ukishapita choo na stoo ya mifagio. Mtu akienda kulalamika ilimbidi apite milango kumi na moja, na kila mlango una macho. Kwa hiyo wengi walikwenda na ndoo mkononi, wakijifanya wamefuata kitu stoo, kisha wakachepuka. Mwenye ofisi alilijua hilo. Aliuacha mlango wazi kiasi cha mtu kupenya ubavu, na kiti cha mgeni alikiweka nyuma ya kabati, mahali ambapo mtu akilia haonekani.

Walimwita Mama Sikio. Aliingia idarani akiwa mpishi wa kantini, akapika miaka kumi na tisa, huku jioni akisoma, akapanda cheo kimoja kimoja mpaka akawa afisa malalamiko. Ilibaki miezi minane astaafu. Magoti yake yalikuwa yameshatangulia kustaafu.

Mwongozo wa malalamiko ulisema jina, cheo na kazi ya kila mhusika vifichwe mpaka uamuzi utoke, ili anayeamua asimpendelee mtu. Maafisa waliomtangulia waliandika Bwana A na Bibi B, na Mkurugenzi alikuwa akisinzia kabla hajafika C. Mama Sikio alikuwa na njia yake. Kila kesi aliigeuza ikawa ya jikoni, kwa sababu jikoni ndiko alikokujua. Karani aliyenyimwa likizo aliandikwa Mkata Vitunguu. Mhandisi aliyetukanwa kwa ajili ya lafudhi yake akawa Mkanda Unga. Majina ya kweli aliyaandika kwenye karatasi moja, akaitia katika bahasha, akaibandika vizuri, akaifungia kwenye droo. Uamuzi ukishatiwa sahihi, bahasha inafunguliwa, na hapo ndipo watu wanajua vitunguu vilikuwa vya nani.

Njia hiyo ilifanya kazi vizuri mno. Ndiyo iliyoleta balaa lenyewe.

Kulikuwa na dereva mmoja mwanamke kati ya madereva kumi na wanne. Wenzake walimwita Gia Mbili, kwa sababu miaka minne tangu aajiriwe hakuwahi kutoka nje ya mji. Alitumwa benki, posta na karakana tu, na mjini humo foleni haimruhusu mtu kupita gia ya pili. Ili dereva apande awe mwandamizi alihitaji safari tatu ndefu kwenye kumbukumbu zake, zile za siku nane za kuwapeleka mafundi kwenye visima vya mbali. Waliokuja nyuma yake walishapanda. Yeye hakuwa na hata moja.

Orodha ya safari ndefu aliipanga Mkurugenzi kwa mkono wake mwenyewe. Kila akifika jina la Gia Mbili alilikata kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Namwonea huruma," alikuwa akisema. "Njia ya vumbi na mawe ile! Gari likikwama atafanyaje? Na watoto atamwachia nani?"

Ndiyo maana pembeni walimwita Baba Huruma. Hakuwa mtu mbaya. Mfanyakazi akifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Lakini mwaka juzi karani mmoja alithubutu kuhoji orodha hiyo, na wiki haikuisha akahamishiwa ghala la magurudumu, eti apumzike. Mpaka leo anapumzika.

Gia Mbili alikuja ofisini kwa Mama Sikio na ndoo mbili, moja ingetosha, akakaa nyuma ya kabati.

"Mama, mimi silii," alisema.

"Sawa, mwanangu. Leso iko hapo kulia."

Akalia, akamaliza, akaeleza. Alileta na barua ya mama mkwe wake, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kama matangazo ya mnada: "MIMI NI MAMA MKWE WAKE. WATOTO ATANIACHIA MIMI. NIMELEA SABA, HAWA WAWILI NI MCHEZO. TENA AENDE, APUNGUZE KUNIPANGIA UPYA SUFURIA ZANGU."

Basi Mama Sikio akaandika kesi. Dereva akawa Mpishi. Safari ndefu zikawa karamu kubwa. Mkurugenzi akawa Mkuu wa Jiko, ambaye kila karamu ikija humwambia Mpishi abaki kuosha vyombo, akisema namwonea huruma, moto wa karamu ni mkali, chungu kikipinduka atafanyaje, na watoto atamwachia nani? Barua ya mama mkwe haikuhitaji kubadilishwa hata neno.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyoharibika. Kesi za kawaida zilitiwa kwenye jalada la bluu, zikaenda kwa Mkurugenzi aamue. Kesi ya kumlalamikia Mkurugenzi mwenyewe ilitiwa kwenye jalada la kijani, ikaenda wizarani, maana mtu hawezi kujihukumu. Alhamisi ile majalada ya kijani yalikuwa yamekwisha. Mama Sikio akaihifadhi kesi kwenye la bluu kwa muda, akaenda stoo kuu kuomba la kijani, huko wakamwambia asubiri, akasubiri.

Huku nyuma alipita tarishi, mzee mwembamba waliyemwita Miguu. Siku zote Mama Sikio ndiye aliyeshuka na majalada mpaka masjala, ngazi hamsini na nne. Siku hiyo Miguu aliyafikiria yale magoti. Akajisemea, leo wacha nimpunguzie dada yangu safari. Akalichukua jalada la bluu lililokuwa mezani, akalipeleka moja kwa moja linakopelekwa la bluu.

Mama Sikio aliporudi na jalada la kijani mkononi, meza ilikuwa tupu kama kiganja.

"Nimekusaidia, dada," Miguu alimwambia koridoni, meno yote nje. "Limeshafika kwa Mzee. Pumzisha magoti."

Utamgombezaje mtu wa namna hiyo? Mama Sikio akamshukuru, akageuka, akazishuka zile ngazi hamsini na nne kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa yameiona tangu enzi za kantini.

Nje ya ofisi ya Mkurugenzi alikaa katibu muhtasi wake, waliyemwita Lango. Alikuwa ameshika kikombe cha chai iliyopoa.

"Amekataa chai," Lango alinong'ona. "Anasoma jalada lako. Amepiga meza mara tatu."

Ndani ikasikika: "Haiwezekani! Haiwezekani kabisa!" Meza ikalia mara ya nne.

Mama Sikio aliiona safari ya Gia Mbili ikitoweka, akamwona Gia Mbili mwenyewe kule ghalani katikati ya magurudumu. Akavuta pumzi, akaingia.

Mkurugenzi alikuwa amesimama, tai imehamia begani, macho mekundu.

"Mama," alisema, "kaa. Huyu Mkuu wa Jiko ni nani?"

Mama Sikio hakukaa. Aliushika mgongo wa kiti. "Mzee?"

"Huyu mtu ana moyo au ana jiwe la kusagia? Miaka minne! Mwanamke wa watu anaosha vyombo tu, wenzake wanapika karamu! Na maneno yake, sikiliza, 'watoto atamwachia nani'. Hivi kuna mtu mzima, mwenye akili timamu, anaweza kusema maneno kama haya?"

"Wapo, Mzee," Mama Sikio alisema taratibu.

"Katika idara yangu!"

"Katika idara yako."

"Na huyu mama mkwe!" Mkurugenzi aliicheka ile barua mpaka akajifuta macho. "Huyu ndiye angekuwa mkurugenzi."

Mama Sikio aliuma shavu kwa ndani. Kicheko kilikuwa kimemkaba kooni kama punje ya wali. Lakini hofu nayo ilikuwepo, vikasukumana mlangoni.

"Mzee, naomba nilirudishe jalada. Limekosea njia."

"Limekosea njia? Limefika nyumbani hili! Lilikuwa liende wapi?"

Mama Sikio alijiuliza. Aseme wizarani? Hata mlinzi wa getini alijua ni kesi za nani zinazokwenda wizarani. Kulitaja neno hilo ni kuifungua bahasha kwa mdomo, na mwongozo ulimkataza.

Mkurugenzi hakungoja. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika huku akisema kwa sauti: "Moja. Mpishi apewe karamu ya kwanza inayokuja, bila kisingizio. Mbili. Mkuu wa Jiko aombe radhi mbele ya wafanyakazi wote, akiwa amesimama, na asikae mpaka asamehewe." Akatia sahihi ndefu yenye mkia, akagonga mhuri mpaka vikombe vikaruka. "Na bahasha itafunguliwa Jumatatu, mkutano wa wote, ukumbini. Nitaifungua mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Safari hii auonje yeye."

Mama Sikio alimkuta Gia Mbili uani, anaosha gari. Akamweleza yote. Mwanzoni dereva alimtazama kama mtu anayeambiwa ndoto. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akaegemea mlango wa gari, akateleza mpaka chini, akakaa kwenye maji ya sabuni anacheka bila sauti, mkono tumboni.

"Kajitukana... mwenyewe... kwa kalamu nyekundu!"

"Inuka, sketi inaloa."

"Iloe! Mama, nyani haoni kundule, lakini huyu kalipiga na mhuri!"

Ndipo Mama Sikio naye akashindwa. Wakacheka wote wawili mpaka mlinzi akaja kuuliza nani ameumia.

Walipotulia, Mama Sikio alimshika mkono. "Sasa nisikilize, mwanangu. Bahasha ikifunguliwa, jina lako nalo linasomwa. Akikasirika, unalijua ghala. Kosa ni langu, nililiacha jalada mezani. Ukitaka kuondoa lalamiko, una haki mpaka Jumatatu asubuhi. Bahasha nitaichana, na hakuna atakayejua."

Gia Mbili alikamua kitambaa, akakikunjua, akakikamua tena ingawa hakikuwa na maji.

"Safari ya visima vya mbali inaondoka Jumanne," alisema. "Orodha imeshabandikwa. Mimi simo."

"Nimeiona, jina lako sikulikuta."

"Nikiondoa lalamiko, nitakuwa nimelikata jina langu kwa mkono wangu mwenyewe. Hiyo kazi nimwachie yeye." Akatupa kitambaa kwenye ndoo. "Afungue."

Jumatatu ukumbi ulijaa. Habari za Mkuu wa Jiko zilikuwa zimezunguka idara nzima, maana Lango alikuwa mlango mzuri wa kuingilia na mzuri zaidi wa kutokea. Watu walishakisia. Walikaa wakitazamana kwa pembe za macho. Wakuu wa vitengo walikaa mstari wa mbele, wamenyooka kama mishumaa.

Mama Sikio alipompa Mkurugenzi bahasha alijaribu mara ya mwisho. "Mzee, nashauri ifunguliwe ofisini. Kwa faragha."

"Mama, wewe una huruma kupita kiasi," alijibu Baba Huruma.

Akasoma uamuzi wake kwa sauti ya kuhutubia. Ukumbi ukapiga makofi. Akachana bahasha, akatoa karatasi, akaiweka mbele ya macho, akafungua mdomo.

Mdomo ukabaki wazi.

Akaisogeza karatasi mbali. Akaisogeza karibu. Akaigeuza nyuma, labda nyuma kuna jina jingine. Hakukuwa na kitu. Akanywa maji, glasi nzima, na katika ukimya ule kila mtu aliyasikia mafunda yakishuka, moja moja. Miguu, aliyekuwa amesinzia nyuma kabisa, aliamka akadhani jina limeshasomwa, akapiga makofi peke yake.

"Mkuu wa Jiko," Mkurugenzi alisema kwa sauti ndogo, "yumo humu ukumbini."

Mkuu wa Manunuzi akasimama. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Mzee, naomba radhi!" alisema. "Kweli yule dada wa stoo kuu nimemnyima mafunzo mara tatu. Nilisema ana mimba, atasahau. Nimekosa!"

Ukumbi ukaguna. Kabla guno halijaisha akasimama wa Hesabu.

"Siyo yeye, Mzee, ni mimi. Nilimcheka yule kijana mwenye kigugumizi, nikamwambia kazi ya kupokea simu si yake. Sijalala tangu Ijumaa."

Wa tatu naye huyo, wa Karakana, kofia kifuani. "Ni mimi huyo, waheshimiwa. Mpishi ni fundi wangu mwenye mguu mmoja mfupi. Lakini sikujua kama anaumia hivyo, mbona alikuwa anatabasamu?"

Sasa ukumbi ulikuwa umechanganyikiwa kwa raha. Watu walishikana, walivibana vicheko, mtu mmoja alianguka na kiti chake. Mama Sikio alihesabu moyoni: kesi tatu, na hata moja haikuwa imefika ofisini kwake. Kumbe milango kumi na moja ilikuwa imewazuia wengi.

Mkurugenzi aliwatazama wale watatu waliosimama. Mama Sikio alimwona akiikunja karatasi, mara moja, mara mbili, kama mtu anayeitafutia mfuko. Kisha akaikunjua.

"Kaeni," aliwaambia. "Nyinyi mna yenu, tutayafikia. Mkuu wa Jiko siyo nyinyi." Akaiweka karatasi mezani. "Ni mimi."

Hapo Mama Sikio akainuka. Ulikuwa wajibu wake, na hakuupenda. "Wenzangu, na wewe Mzee. Kosa ni langu. Jalada lilipaswa kwenda wizarani, likapotea njia. Kwa mwongozo, uamuzi huu hausimami, kwa sababu mtu hajihukumu. Jalada litaanza upya, huko."

Kila mtu aliuona mlango ukifunguka. Wizarani jalada lingelala miezi, pengine mwaka. Mkurugenzi angeweza kusema asante, akafunga mkutano. Bega lake la kulia lilishaanza kushuka kwa nafuu.

Gia Mbili akasimama mstari wa nyuma. Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka.

"Liende tu wizarani, Mzee, ndiyo sheria. Lakini safari ni kesho, na gari haliendeshwi na wizara."

Ukumbi ulipasuka. Hata Lango, ambaye hakuna aliyewahi kuliona jino lake, alicheka. Mkurugenzi alisubiri kicheko kipungue, na kilipopungua, midomo yake mwenyewe ilikuwa inacheza.

"Kuwapa watu safari hakuhitaji hukumu," alisema. "Hiyo ni kazi yangu, na nimekuwa nikiifanya vibaya. Niliita huruma kitu ambacho hakikuwa huruma. Nileteeni orodha."

Wakaileta kutoka ubaoni, pini zingali juu yake. Dereva aliyekuwa amepangiwa safari ile alipaza sauti kutoka dirishani: "Andika tu, bosi! Mgongo wangu una siku tatu unaniuma!" Mkurugenzi akaandika. Kisha akabaki amesimama pale pale, mikono mbele, kama mwanafunzi.

"Naomba radhi," alisema. "Uamuzi hausimami, lakini mimi nasimama. Nilijiandikia nisikae mpaka nisamehewe."

Macho yote yakamgeukia Gia Mbili. Akaweka kidole kidevuni.

"Nafikiria," alisema.

Akafikiria. Saa ya ukutani ikatembea. Mkurugenzi alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Miguu akatoka nyuma taratibu na kiti, akakiweka karibu naye, si cha kukalia, cha kuegemea tu. Ndipo dereva akashindwa kujizuia.

"Kaa, Mzee. Nimekusamehe. Lakini safari zinazohitajika ni tatu, hii ni moja."

"Tatu," alisema Mkurugenzi, akakaa kwa kishindo.

Jumanne gari liliondoka asubuhi, mafundi watatu ndani na mabomba juu. Kesi nayo ilikwenda wizarani, ndani ya jalada la kijani. Na kuanzia siku hiyo koridoni kwa Mama Sikio pakawa na foleni. Walikuja bila ndoo. Alikuja yule dada wa stoo kuu, akaja kijana mwenye kigugumizi, na wa Hesabu akaja naye, amembebea kiti, maana alishamwambia atamngoja mpaka amalize kila neno.

Siku ya nne simu ya Mama Sikio ililia katikati ya shughuli. Akaiweka sauti ya juu kwa sababu masikio ya mwenye jina la Sikio nayo yalishaanza kuzeeka. Upepo ukaingia chumbani, upepo mwingi, kama mtu amefungua dirisha la dunia.

"Mama!" Gia Mbili alikuwa anapiga kelele. "Nimefika! Kisima cha mwisho!"

Foleni yote ikasogea mlangoni.

"Umefika salama, mwanangu? Mafundi je?"

"Wamelala nyuma tangu asubuhi, midomo wazi, wote watatu! Tulikwama mchangani, nikalitoa, hawakuamka!"

"Na huko kukoje? Kuna nini?"

Upepo ukavuma kidogo. Walisikia akizunguka, akitazama, akicheka peke yake.

"Hakuna kitu, Mama! Hakuna kitu kabisa! Yaani huku, kule, mpaka mwisho wa macho, hakuna kitu! Pazuri ajabu!"